Shimo la Mabua ya Ngano

Mtu akisifu usafi wa jiko langu huwa nageuza mazungumzo. Majirani wanadhani ni unyenyekevu. Unyenyekevu wa wapi! Ni aibu, na nimetembea nayo tangu nikiwa mwalimu kijana wa sayansi kimu, katika shule ya msingi iliyokuwa ukingoni mwa mashamba ya ngano ya serikali, upande wa Basotu. Jina la shule sitalitaja. Shule haikumkosea mtu. Niliyemkosea mtu ni mimi.

Nilizaliwa juu, Mbulu, kwenye nyumba ya wakulima waliosali kila Jumapili na kulala chini ya paa moja na ng'ombe wao wanne. Mama yangu aliweka maziwa kwenye kibuyu alichokisafisha kwa kijinga cha moto, na sisi watoto tuligombania ile malai ya juu yenye vipande vidogo vya mkaa. Nayasema haya mapema ili msomaji asije akadhani sikuijua dunia ya vibuyu. Niliijua. Nilikwenda chuo cha ualimu, nikafundishwa kuchemsha, kufunika na kunawa, nikarudi na aproni nyeupe mbili, na nikaamua kwamba sijawahi kuona kibuyu maishani mwangu.

Shule ile ilikuwa na watoto wa namna tatu. Walikuwapo wa wafanyakazi wa shamba la ngano, waliovaa viatu. Walikuwapo wa wakulima, wengine wakitembea kutoka mbali upande wa Gehandu. Halafu walikuwapo wachache wa wafugaji wa tambarare, ambao malisho yao ndiyo yaliyokuwa yamelimwa ngano, na ambao tuliwashangaa kwa nini hawaipendi serikali. Kati ya hao wachache, wasichana ungeweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Mmoja wao alikuwa darasa la sita. Mrefu, mkimya, mwenye mkono mwepesi kwenye sindano kuliko wote niliowahi kuwafundisha. Mama yake ndiye aliyemleta shule, si baba. Kwa mila za kwao hilo halikuwa jambo dogo. Baba alikuwa amekubali kwa shingo upande, na alitoa sharti moja ambalo mama alikuja kunieleza mwenyewe siku ya kwanza, akiwa amesimama mlangoni kwangu na vazi lake la ngozi.

"Baba yake anasema hivi," aliniambia. "Siku watu wa shule watatudharau, mtoto anarudi kwa ng'ombe. Siku hiyo hiyo. Sasa mimi naomba mwalimu uangalie."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Na kabla ya hapo yeye ndiye aliyenisalimia shikamoo, mama aliyelingana na mama yangu mdogo, nami nikaitikia marahaba bila hata kupepesa macho. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilifikiri shikamoo inakwenda kwenye cheti.

Mwaka ule kamati ya shule iliamua kufanya sherehe ya kuchangia mabati ya madarasa mawili. Kuta zilikuwa zimesimama misimu miwili zikinyeshewa, na mvua moja zaidi ingezirudisha kuwa udongo. Mgeni rasmi angekuwa mkubwa mmoja wa shamba la ngano. Wazazi wa vijiji vya Masakta na Gehandu wangeleta mahindi, maharage na kuku wa kunadiwa. Shamba la ngano lingetoa unga wa maandazi na ng'ombe mmoja. Mwalimu mkuu aliniteua mimi kuwa mkuu wa jikoni, na sikushangaa. Ningeshangaa kama angemteua mwingine.

Kwenye kikao cha maandalizi yule mama alinyanyuka. Wafugaji walikuwa hawazungumzi vikaoni, walikaa nyuma karibu na mlango, kwa hiyo watu waligeuka.

"Sisi hatuna mahindi," alisema. "Hata kuku hatuna. Tutaleta maziwa. Mengi. Kila boma kibuyu. Watu wanywe maziwa yetu, na sisi tuseme hii shule na sisi ni yetu."

Mwenyekiti wa kamati, mzee mkulima mwenye busara zake, alipiga makofi. Wengine nao wakapiga. Mimi nilipiga kidogo. Kichwani nilikuwa naona meza yenye kitambaa cheupe, mgeni rasmi ameketi, na safu ya vibuyu vyeusi vya moshi mbele yake vikinuka mafuta ya ng'ombe. Baada ya kikao nilimfuata mwalimu mkuu nikamwambia kwamba kwa mujibu wa kanuni za usafi maziwa yale yakae nyuma ya darasa la tatu, mbali na chakula, na atakayetaka ayafuate hukohuko. Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa kuogopa kanuni. Alikubali.

Sasa nieleze kuhusu shimo.

Chuoni tulifundishwa namna ya kupika bila moto. Unachukua kapu kubwa, unalijaza nyasi kavu, unachemsha chakula mpaka kitokote vizuri, kisha unakitia na sufuria yake ndani ya kapu, unafunika kwa nyasi na blanketi, na joto lake lenyewe linamalizia kazi. Kuni zinapona, na chakula hakiungui. Kwenye nchi ya ngano hakuna kitu kilichojaa bure kuliko mabua. Kombaini za kuvuna zikishapita mwezi wa saba, mashamba yote mpaka upeo wa macho ni mabua matupu. Nilisema: kwa nini kapu? Tuchimbe shimo. Wanafunzi wa darasa la saba walichimba shimo nyuma ya jiko, refu kiasi cha kulaza sufuria nne kubwa, tukalizungushia magunia ndani, tukalijaza mabua tukiyashindilia kwa miguu. Nilimwandikia mwalimu mkuu maelezo ya ukurasa mzima. Naye akayaingiza kwenye risala ya mgeni rasmi, kwamba shule yetu inapika kwa mabua ya ngano. Nililala nikitabasamu wiki nzima.

Siku yenyewe baridi ilikuwa kali, na ule upepo wa tambarare unaopita juu ya mabua bila kukutana na mti. Ng'ombe alichinjwa alfajiri. Saa nne asubuhi nyama ilikuwa imetokota vizuri kwenye sufuria zote nne, na mchuzi wake mzito wa vitunguu. Tulizishusha shimoni, tukafunika mabua, magunia, na turubai juu. Mgeni rasmi alitarajiwa saa sita. Kisha nikafanya jambo nililodhani ni la akili kuliko yote: niliamuru moto uzimwe kwa maji na mafiga yafagiliwe, ili mgeni aone jiko la kisasa lisilo na moshi.

Hakuja saa sita. Wakubwa hawaji saa sita. Saa saba watu walianza kuja jikoni kuliona shimo, maana habari zilikuwa zimeenea. Mwenyekiti alitaka kuona. Nikafunua turubai, nikafukua mabua, nikainua mfuniko, mvuke ukapanda, watu wakasema "eeeh!" Nikafunika. Baada ya muda walimu waliotoka shule ya Masakta wakataka kuona. Nikafunua. "Eeeh!" Wake wa wafanyakazi wa shamba, wenye majiko ya mafuta ya taa majumbani kwao, nao wakataka, na hao ndio niliowataka zaidi. Niliwafunulia zote nne. Nakumbuka kwamba mara ile ya tatu mvuke ulikuwa haba. Niliona. Sitasema sikuona. Lakini nilikuwa katikati ya maelezo.

Kanuni yenyewe ilikuwa kwenye daftari langu la chuo, nimeipigia mstari kwa wino mwekundu: kapu lisifunuliwe mpaka wakati wa kula, na likifunuliwa, chakula kirudishwe motoni kitokote upya. Niliwafundisha watoto kanuni hiyo. Yule binti mfugaji alikuwa ameiandika kwenye daftari lake kwa mwandiko mzuri kuliko wangu.

Mgeni rasmi alifika saa kumi kasoro. Kwa desturi yetu hakuna anayetia kitu mdomoni kabla ya mgeni rasmi, isipokuwa wafugaji kule nyuma ya darasa la tatu, ambao walikuwa wamekwisha kunywa maziwa yao na kuwagawia watoto wa watu waliokwenda kuchungulia. Na watoto walikwenda wengi, kwa sababu njaa ilikuwa imewashika na maziwa yalikuwa matamu. Wazee watatu wanne wa maboma walikunywa, wakaona mambo hayaanzi, wakachukua fimbo zao wakaondoka hata kabla gari halijaingia.

Risala ikasomwa, kuku wakanadiwa, watu wakacheka. Mwalimu mkuu akaja jikoni karibu mbio. "Pakua, mwalimu, pakua! Mkubwa ana haraka."

Tulifukua. Hapakuwa na mvuke wowote. Juu ya mchuzi mafuta yalikuwa yameanza kuganda pembeni, utando mweupe mwembamba. Wakati nimeshika upawa, yule mama alikuwa amekuja kuomba maji ya kuoshea vibuyu. Alisimama pembeni ya shimo, akainama, akaweka kiganja ubavuni mwa sufuria, kisha akahamia ya pili.

"Mwalimu," alisema, kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie. Nataka hilo lijulikane, kwamba alisema kwa sauti ya chini. "Hii imepoa. Ni vuguvugu. Kwetu nyama ya vuguvugu hatuli, inatesa tumbo. Rudisha kwa moto kidogo."

Moto wenyewe ungekuwa wapi? Mafiga yalikuwa yameloa. Kuwasha tena kungechukua nusu saa au zaidi, na moshi ungemwendea mgeni rasmi mezani, baada ya risala kusema jiko letu halina moshi. Hayo yote yalinipitia. Lakini sikumjibu hayo. Nilimjibu kwa sauti kubwa, ili wanawake wenzangu wa jikoni wasikie.

"Mama, hii ni sayansi. Wewe kaangalie vibuyu vyako."

Walicheka. Si kwa ubaya sana, ila walicheka. Binti yake alikuwa pale akipanga sahani, na aproni aliyoishona mwenyewe darasani kwangu. Aliinamisha uso akaendelea kupanga sahani. Mama akachota maji yake akaondoka. Tukapakua.

Mimi nilikula mara mbili. Maziwa sikuyagusa. Nilijivunia kutoyagusa, nikawaambia wake wa wafanyakazi wa shamba, huku nimekunja pua, kwamba mimi siwezi vitu vya kibuyu.

Tumbo lilinikamata alfajiri. Sitaeleza sana. Nitasema tu kwamba kutoka nyumba yangu mpaka choo cha shimo palikuwa na hatua kama thelathini, na nilizijua zote kabla jua halijatoka. Kulipopambazuka nilikuwa natoka chooni kwa mara sijui ya ngapi, nimejifunga kanga kiunoni, nimeshika ukuta, jasho linanitoka katika baridi ile. Na nani alikuwa anapita kwenye njia ya kisima na punda wake wa maji? Yule mama. Alisimama. Tulitazamana. Niliingia ndani nikafunga mlango, na kabla sijafika kitandani nikawa natoka tena.

Saa mbili habari zikaanza kuja. Nusu ya shule haikufika. Mwalimu mkuu alikuwa amelala. Dereva wa mgeni rasmi alikuwa amelazimika kusimamisha gari mara kadhaa katikati ya mashamba ya ngano, mahali pasipo na kichaka cha kujificha. Watu waliisimulia hiyo kwa kucheka. Lakini mzee mmoja wa kamati alibebwa mpaka zahanati kwa sababu alikuwa ameishiwa nguvu, na watoto wadogo wawili walilazwa huko siku mbili wakinyweshwa maji ya chumvi na sukari. Hakufa mtu. Nimemshukuru Mungu kwa hilo maisha yangu yote, na kila nikishukuru naona haya kuinua macho.

Mimi nilikwenda kazini. Nilikunywa maji ya mchele, nikavaa aproni, nikasimama mbele ya darasa nusu tupu, nimejikaza mpaka miguu inatetemeka. Mwalimu mwenzangu aliniuliza, "Wewe hujaumwa?" Nikasema mimi mzima kabisa. Nikaona macho yake yananisifu. Nilisema vile kwanza kwa kiburi tu, mpishi mkuu ataumwaje na chakula chake. Nilikuwa bado sijaona mahali neno lile linakonipeleka.

Adhuhuri alikuja bwana afya kwa baiskeli. Alikuwa mtu mzima mchovu mwenye eneo kubwa la kuzungukia. Alisema anahitaji orodha ya walioumwa na walichokula, na kwa kuwa mimi ni mtu wa sayansi kimu, na kwa bahati ni mzima, nimsaidie kuiandaa. Akaacha maelekezo, akaenda Gehandu kwenye shughuli nyingine.

Nilichukua daftari nikazunguka nyumba kwa nyumba, nikijificha vichakani kila nilipobanwa. Na kila nilipofika niliuliza swali moja: "Ulikunywa maziwa ya wafugaji?" Watoto wakajibu ndiyo. Akina mama wakajibu ndiyo, kidogo, tulionja. Nikaandika ndiyo, ndiyo, ndiyo. Sikumuuliza mtu yeyote kama alikula nyama. Nilijiambia hakuna haja, nyama kila mtu alikula. Waliosema hawakunywa maziwa niliwaandika pia, wachache, mwisho wa ukurasa, kwa mwandiko mdogo. Maboma ya wafugaji sikwenda. Wale wazee walioondoka na fimbo zao, matumbo yamejaa maziwa na bila kipande cha nyama, hakuna aliyewauliza wameamkaje. Wala jina langu mimi sikuliandika, mgonjwa ambaye hakuwa na hata tone la maziwa tumboni. Orodha ile ingehitaji jina langu tu na kila kitu kingejulikana.

Siku ya tatu kamati ikakaa. Bwana afya alisoma orodha, akakuna kidevu, akasema inaonekana ni maziwa, ingawa hawezi kuapa. Wale waliokuwa wamepiga makofi kwenye kikao cha kwanza walikuwa sasa wanatikisa vichwa. Mmoja akasema tulijua tu, vibuyu vile wanasafisha kwa mkojo wa ng'ombe. Mwenyekiti, yule mzee mwenye busara, aliinua mkono kuwanyamazisha.

"Tusiseme ovyo," alisema. "Tunaye mtaalamu. Mwalimu, wewe ulikuwa jikoni. Wewe ulikula, na hukuumwa. Tuambie, ni nyama au ni maziwa?"

Yule mama alikuwa ameketi mahali pake, nyuma karibu na mlango. Safari hii mumewe alikuwa amekuja naye, amesimama nje, ameegemea fimbo, anasikiliza kupitia dirishani. Nilijua amekuja kusikiliza nini. Sharti lake nilikuwa nimelipokea mlangoni kwangu kwa masikio yangu mwenyewe. Nilijua pia kwamba mkewe alikuwa ameniona alfajiri ile nimeshika ukuta wa choo. Alinitazama, bila hasira. Alinitazama kama mtu anayemsubiri mwenzake amalize kufunga mzigo ili waondoke pamoja. Angeweza kusimama akasema: huyu naye aliumwa, nilimwona, na maziwa yangu hakuja hata kuyaonja. Maneno kumi tu. Hakusimama. Nadhani alikuwa ananipa nafasi ya kusema mwenyewe.

Nikasema, "Nyama ilipikwa kwa utaratibu wa kitaalamu. Kuhusu maziwa siwezi kusema chochote, maana sijui yalivyotunzwa."

Hivyo tu. Sikusema uongo hata mmoja, ukiyapima maneno moja moja. Nimeyapima mara nyingi. Kamati ikaamua kwamba tangu siku ile maziwa ya vibuyu yasiletwe shuleni. Mumewe akaondoka dirishani kabla kikao hakijafungwa. Kesho yake nafasi ya binti yule darasani ilikuwa wazi, na wasichana wawili wengine wa maboma nao hawakuonekana. Nilipoita majina asubuhi, nilipofika kwenye jina lake niliruka kabla hata sijainua macho kuangalia.

Nilijaribu kwenda kwao mara moja. Jumamosi moja nilivuka mashamba, mabua yakinichoma miguu, mpaka nikaona moshi wa boma lao. Nikasimama pale mwisho wa ngano, mahali trekta lilipoishia. Nilikuwa nimepanga maneno yote. Halafu nikafikiria mwalimu mkuu, na bwana afya, na risala, na cheti changu, nikageuka. Nilijiambia nitakwenda Jumamosi nyingine. Baada ya mwaka nikahamishwa.

Niliendelea kufundisha. Baadaye nilipandishwa, nikawa nazunguka shule za wilaya kuwafundisha wazazi namna ya kupika na kugawa chakula kwenye sherehe za shule. Nilikuwa mkali. Niliwaambia chakula cha moto kiwe cha moto hasa, mvuke uonekane, na kikipoa kirudishwe motoni mpaka kitokote, hata kama mgeni rasmi ni nani, hata kama ameshika uma mkononi. Nilikuwa nikiwaambia wawe na orodha ya kila kilicholiwa, na likitokea la kutokea waulize maswali yote, wasiulize moja. Watu walikuwa wakisema mwalimu huyu anajua kazi yake. Hakuna aliyewahi kuniuliza nimejifunza wapi, na kama angeuliza, ningesema chuoni. Mashamba ya ngano yenyewe nayo yaliyumba, mitambo ikasimama ikaota kutu, na mahali pengine ng'ombe walirudi. Niliposikia hayo nilifurahi kwa namna ambayo sikuwa na haki nayo.

Jambo moja nimeliacha mpaka hapa kwa sababu sikutaka kulisema kabisa.

Wiki moja baada ya kile kikao, jioni, yule mama alikuja nyumbani kwangu. Alikuwa amekunja kitu ndani ya kitambaa. Ilikuwa ni aproni, ile aliyoishona binti yake kwa kitambaa cha shule. Ilikuwa imefuliwa, ikapigwa pasi sijui kwa kitu gani kule bomani ambako hakuna pasi, labda ilikuwa imelaliwa chini ya godoro la ngozi. Mishono yake ilikuwa imenyooka, midogo, hakuna uzi uliotoka.

"Kitambaa ni cha shule," alisema. "Mtoto amesema kirudi shule."

Nilikipokea kwa mikono miwili. Sijui kilichonijia, nikasema, "Shikamoo, mama." Mara ya kwanza. Aliitikia, "Marahaba," taratibu, kama vile nilikuwa nimemwamkia hivyo tangu mwanzo. Akasimama kidogo. Jua lilikuwa nyuma yake na njia ya chooni ilionekana vizuri kutoka pale mlangoni.

"Tumbo lako," aliniuliza, "limepona, mwalimu?"

Hapakuwa na mtu mwingine. Hata mtoto hakuwapo, hata jirani. Mwalimu mkuu alikuwa kwake, bwana afya alikuwa amekwisha sahau. Alikuwa yeye na mimi, na aliuliza kwa upole, kama anavyouliza mtu ambaye amefikiria habari za mgonjwa njiani. Hata pale ningeweza kusema. Baba yake mtoto pengine bado angeweza kubadilishwa mawazo, wiki moja si nyingi. Ningesema tu, limepona, mama, na yeye angejua la kufanya na neno hilo.

Nilikumbatia ile aproni kifuani.

"Sikuumwa, mama," nilimwambia. "Mimi sikuumwa."

Alitikisa kichwa kidogo, akaniaga vizuri, akashika njia ya kwao kupita katikati ya mabua.